Kutoka Tunduma hadi Mosi-oa-Tunya: Safari ya Kufuata Maji ya Kariba

Jumatatu, Tunduma

Basi la Lusaka lilichelewa kuvuka mpaka kwa sababu ya msururu wa malori, nasi abiria tukapata muda wa kuulizana habari za safari. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mbeya, aliposikia kwamba ninakwenda kuliona bwawa la Kariba katika Mto Zambezi na kujifunza namna Zambia na Zimbabwe zinavyogawana maji yake, alinitazama kwa mshangao akasema, “Mwanangu, hayo si maji ya wenyewe? Sisi yanatuhusu nini?” Nilimjibu kwamba na sisi tumo, ingawa kwa mbali. Mto Songwe tunaopakana nao na Malawi, pamoja na Kiwira na Ruhuhu, huingia Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa hilo hutoka kupitia Mto Shire, na Shire humwaga maji yake katika Zambezi huko Msumbiji. Ndiyo maana Tanzania ni mojawapo ya nchi nane za bonde la Zambezi, pamoja na Angola, Botswana, Malawi, Msumbiji, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Ni kweli hata hivyo kwamba Shire hukutana na Zambezi chini kabisa ya Kariba, kwa hiyo hakuna tone la mvua ya Rungwe linalopita katika mitambo ya bwawa hilo. Mama alitikisa kichwa, akaniambia kwamba jambo alilotaka kujua yeye ni kama huko Lusaka siku hizi umeme upo.

Jumanne, Lusaka

Swali lake ndilo swali la mji mzima. Mwaka 2024, baada ya msimu wa mvua kuharibika kwa athari za El Niño, serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa mwishoni mwa Februari, na miezi iliyofuata sehemu nyingi za Lusaka zilikaa gizani kwa saa nyingi zaidi kuliko zile za kuwa na mwanga. Fundi wa kuchomelea vyuma niliyezungumza naye karibu na kituo cha mabasi alisema kwamba kipindi kile alikuwa akilala mchana na kufanya kazi usiku wa manane, kwa kuwa ndipo umeme uliporejea. Nilipomuuliza nani wa kulaumiwa, hakuitaja mvua, aliitaja Zimbabwe. Siku chache baadaye nilikuja kusikia kauli hiyohiyo ng’ambo ya pili, ila jina la nchi lilikuwa Zambia.

Lusaka ndiko yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo kilichoundwa mwaka 1987 kwa sheria mbili zinazofanana, moja iliyopitishwa na bunge la Zambia na nyingine na bunge la Zimbabwe. Juu yake lipo baraza la mawaziri wanne, wawili kutoka kila nchi, na chini ya baraza hilo bodi na watendaji. Mamlaka haizalishi umeme. Kazi yake ni kumiliki ukuta kwa niaba ya nchi zote mbili, kupima maji yanayoingia na kutoka, na kila mwaka kuamua ni kiasi gani cha maji kitaruhusiwa kupita katika mitambo. Kiasi hicho hugawanywa nusu kwa nusu: nusu kwa ZESCO, shirika la umeme la Zambia, na nusu kwa Zimbabwe Power Company, ambayo ni kampuni ya uzalishaji umeme ya upande wa pili.

Hakuna mstari wa mpaka unaotumika katika kugawana maji hayo. Mpaka upo katikati ya ziwa, na wavuvi wanaujua, lakini maji yenyewe hayana upande, na yakivutwa na mtambo wa kusini yanapungua pia kaskazini. Kinachogawanywa ni haki ya kupitisha mita kadhaa za ujazo kwa mwaka, haki inayoandikwa kabla mvua nyingi za mwaka husika hazijanyesha, kwa kutazama kimo cha ziwa na utabiri wa msimu. Kwa mwaka 2022 mgawo ulikuwa mita za ujazo bilioni 45, yaani bilioni 22.5 kwa kila nchi; kwa mwaka 2024 ulishushwa hadi bilioni 16, bilioni nane kila upande. Mtu akizitazama namba hizo mbili kwa pamoja anaelewa usingizi wa mchana wa yule fundi bila kuhitaji maelezo mengine.

Usawa huo wa nusu kwa nusu una historia chungu nyuma yake. Bwawa lilijengwa kati ya mwaka 1955 na 1959, wakati nchi hizi pamoja na Malawi ya leo zilipokuwa zimeunganishwa katika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na kituo cha kwanza cha umeme kiliwekwa ukingo wa kusini. Shirikisho lilipovunjika mwaka 1963, na serikali ya walowezi ya kusini kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilijikuta migodi yake ya shaba ikitegemea swichi iliyo mikononi mwa watu isiokuwa na maelewano nao. Iliharakisha kujenga mitambo yake katika korongo la Kafue, na katika miaka ya 1970 ikapata kituo chake cha Kariba ukingo wa kaskazini. Kwa maoni yangu, asiyeikumbuka miaka hiyo hawezi kuelewa kwa nini leo hakuna mwanasiasa wa upande wowote anayethubutu kupendekeza mgawanyo usiokuwa wa nusu kamili.

Jumatano, Lusitu

Barabara ya kusini inapita mji wa Kafue, inashuka milima kwa kona kali ambazo malori yaliyoelemewa huzipanda kwa mwendo wa kinyonga, kisha inaingia katika joto la bonde. Kabla ya kufika Chirundu kuna njia panda ya kwenda Siavonga, na eneo hilo ndilo la Lusitu, mahali ambapo serikali ya kikoloni iliwahamishia sehemu ya Watonga waliokuwa wakiishi kwenye kingo za mto. Watu wapatao 57,000 wa pande zote mbili waliondolewa ili ziwa lijae. Huko Gwembe, mwaka 1958, wanakijiji waliokataa kuhama walikabiliana na polisi na wanane kati yao wakauawa.

Mzee mmoja alinikaribisha chini ya mti wa mbuyu, akanieleza jinsi wazazi wake walivyokuwa wakilima mara mbili kwa mwaka kwenye udongo wa mafuriko uliobaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Huku walikoletwa hakuna mafuriko ya namna hiyo, na mvua ikikosekana hakuna mavuno. Aliniuliza kwa upole, na bila kutaka jibu, ni bilioni ngapi katika zile zinazogawanywa zimeandikwa jina la Lusitu. Katika mgawo wa kila mwaka wanaoandikwa ni wazalishaji wawili wa umeme tu. Upo mfuko wa maendeleo ya bonde unaosimamiwa na Mamlaka, uliochimba visima na kujenga madarasa na zahanati hapa na pale, lakini kupewa kisima kwa hisani na kuwa na fungu katika hesabu ya maji ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Alhamisi, Siavonga

Nimelala katika mji huu mdogo ulio juu ya vilima, na asubuhi nikashuka hadi ukutani. Maofisa wa uhamiaji huruhusu mgeni kutembea juu ya ukuta kwa kuacha kitambulisho chake. Ukuta ni wa zege, umejipinda kuelekea ziwani, una urefu wa mita 128 kutoka msingi hadi juu, na barabara ipitayo juu yake ndiyo daraja la nchi mbili. Kulia kwangu lilikuwa ziwa lisiloonekana mwisho, kilomita 280 hivi za urefu na kilomita za mraba 5,577 za uso linapojaa. Kushoto lilikuwa korongo, na chini kabisa maji ya kijani yaliyokwisha kufanya kazi yakitoka katika vituo viwili, kimoja kila ukingo.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo linalowachanganya wageni wengi, nami nikiwa mmoja wao. Ziwa lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 180 na zaidi, na kiasi kikubwa sana cha maji kilikuwa mbele yangu. Lakini mitambo imebuniwa kufanya kazi maji yanapokuwa kati ya mita 475.5 na mita 488.5 kutoka usawa wa bahari, na chini ya hapo haipaswi kuendeshwa. Kwa hiyo maji yanayoweza kutumika ni tabaka la juu la mita 13 tu, lenye ujazo wa karibu bilioni 64.8, na yote yaliyo chini ya tabaka hilo, zaidi ya bilioni 115, hayaingii katika hesabu ya umeme. Kariba inaweza kutangazwa kuwa karibu tupu huku boti za watalii zikielea kwenye maji ya kina cha makumi ya mita. Alama nyeupe iliyoachwa kwenye miamba ya ukingo inaonyesha maji yalipowahi kufika, na mtu wa hapa huisoma kama sisi tunavyosoma saa ya ukutani.

Katika tabaka hilo la mita 13 wachotaji si wawili, bali watatu. Jua nalo linachota, tena linaanza kabla ya wenye mgawo. Kila mita moja inayogeuka mvuke kutoka uso mpana namna hii, ziwa likiwa limejaa, ni zaidi ya mita za ujazo bilioni tano, na katika joto la bonde hili huondoka zaidi ya mita moja kwa mwaka. Linganisha na zile bilioni nane ambazo kila nchi ilipewa kwa mwaka 2024.

Chini ya ukuta kulikuwa na dalili za kazi kubwa ya ukarabati iliyoanza mwaka 2017 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Sweden na nchi mbili zenyewe. Maji yaliyokuwa yakiruka kutoka milango sita ya kupunguzia mafuriko yalikuwa yamechimba shimo refu la makumi ya mita kwenye mwamba, na ilihofiwa kwamba likisogea kuelekea ukutani lingedhoofisha msingi. Ndiyo sababu shimo lilipanuliwa na kuchongwa upya ili nguvu ya maji itawanyike. Milango nayo ilihitaji matengenezo, kwa kuwa zege la zamani limekuwa likivimba polepole kutokana na mabadiliko ya kikemia ndani yake. Katika suala hili hapakuwa na ubishi mrefu wa nani alipe zaidi, kwa kuwa ukuta ukianguka hauchagui ukingo.

Ijumaa, Kariba

Nilivuka kwa teksi hadi upande wa Zimbabwe. Mji wa Kariba umetawanyika juu ya vilima, na kilele kimojawapo kina kanisa la Mtakatifu Barbara, lililojengwa na wajenzi wa Kiitaliano, lenye majina ya wafanyakazi 86 waliokufa wakati wa ujenzi. Jirani yake wanauzwa Nyaminyami wa kuchongwa kwenye fimbo, roho wa mto ambaye Watonga husimulia kwamba ukuta ulimtenganisha na mkewe. Mafuriko ya mwaka 1957 na ya 1958, yaliyofuatana na kuharibu kazi, wazee hapa bado wanayaeleza kuwa hasira yake.

Mjini nilikaa mchana wote na mhandisi mstaafu aliyefanya kazi katika sekta ya umeme, tukazungumza juu ya Novemba 2022. Tarehe 25 ya mwezi huo Mamlaka iliiandikia Zimbabwe Power Company kuiagiza isimamishe uzalishaji wote wa kituo cha kusini hadi Januari. Sababu ilikuwa ya kihesabu: kampuni ilikuwa imekwisha kutumia mita za ujazo bilioni 23.88, yaani bilioni 1.38 zaidi ya fungu lake la mwaka, na maji yanayotumika ziwani yalikuwa yamebaki asilimia 4.6 tu. Baada ya mazungumzo ya haraka ya serikali mbili, kituo hakikuzimwa kabisa. Kiliruhusiwa kuendelea kwa kiwango cha chini cha karibu megawati 300, wakati uwezo wake kamili ni 1,050. Mwezi uliofuata Zambia nayo, ambayo haikuwa imevuka fungu lake, ikaanza mgawo wa umeme.

“Sisi ndio tulioandikwa kuwa wakosaji,” alisema mzee huyo, “na kwa kalamu ni kweli. Lakini niambie, mwanangu, kama tungetii hadi tone la mwisho, ziwa lingekuwa limebaki na nini?” Tulipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Bilioni 1.38 zilizozidi ni kama asilimia mbili za maji yanayoweza kutumika ziwa likiwa limejaa. Bila kosa hilo, asilimia 4.6 ingekuwa karibu asilimia saba. Tofauti ipo, lakini si tofauti ya kuokoa nchi mbili kutoka gizani.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo, na habari nyingi zilizoandikwa wakati ule zilipapita kwa haraka zikishughulikia zaidi nani amemzidi nani. Ndugu wawili wanaochota mahindi katika ghala moja kwa pishi zilizo sawa wanaweza kulimaliza kabla ya mavuno bila yeyote kumwibia mwenzake. Sheria za mwaka 1987 zina nguvu katika kuzuia mmoja kumdhulumu mwingine, na kwa muda mrefu zimefanya kazi hiyo vizuri kuliko mikataba mingi ya mito barani Afrika. Udhaifu umo katika ukubwa wa pishi. Mwaka ukitabiriwa kuwa mzuri, mgawo hupandishwa, na mawaziri wa pande zote mbili, wenye wananchi wanaodai umeme, hawana sababu ya kubishana, kwa kuwa kila nyongeza ya mmoja ni nyongeza ya mwenzake. Mamlaka hupitia upya mgawo kadiri mwaka unavyokwenda, lakini kulishusha fungu la watu waliokwisha kulipangia matumizi ni kazi ngumu kuliko kulipandisha.

Tatizo limekuwa zito zaidi kwa sababu mitambo imeongezeka. Kituo cha kaskazini kilipanuliwa katika muongo uliopita hadi megawati 1,080, na upanuzi wa kusini ulikamilika mwaka 2018. Mhandisi alisisitiza kwamba mitambo mipya ilikusudiwa kuzalisha kwa wingi saa za jioni na kupumzika saa nyingine, na si kutumia maji mengi zaidi kwa mwaka. Kusudio hilo lilikuwa la busara. Nchi yenye njaa ya umeme, hata hivyo, haipumzishi mtambo mpya.

Jumamosi, ziwani

Jioni nilipata nafasi katika chombo cha wavuvi wa kapenta, jukwaa la chuma lenye wavu mpana unaoteremshwa chini ya taa. Mtu wa Kigoma asingehitaji kuelezwa kitu. Kapenta ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, walioletwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa samaki wa mtoni hawakuweza kuyajaza maji ya katikati ya ziwa jipya. Hapa wamekuwa wadogo zaidi ya wale wa kwao, ila utamu haukupungua. Idadi ya vyombo nayo imewekewa makubaliano kati ya nchi mbili, Zimbabwe ikiwa na fungu kubwa kidogo, na nahodha wetu alikiri akicheka kwamba vyombo vilivyopo ni vingi kuliko vilivyokubaliwa. Dagaa hawajatungiwa barua kama ile ya Novemba.

Jumapili, Chirundu

Kilomita kadhaa chini ya bwawa mto unapita Chirundu, penye kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa mwaka 2009, ambapo lori hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Nilimkuta dereva wa Kitanzania aliyekuwa na shehena ya kutoka Dar es Salaam kwenda Harare, akisubiri karatasi zake. “Kaka,” aliniambia, “hawa wameweza kukaa maofisa wa nchi mbili meza moja, sasa maji yanawashindaje?” Nilimjibu kwamba maji nayo yana meza yao, na hata bora kuliko hii, isipokuwa meza hiyo ina viti viwili na mto hauishii kwa hao wawili.

Maji yanayopita Chirundu huungana na Kafue na Luangwa, kisha huingia bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji, lililokamilishwa katikati ya miaka ya 1970. Kariba ikifungua milango, Msumbiji hupata mafuriko. Kariba ikibana, Msumbiji hupungukiwa. Hata hivyo Msumbiji haina kura katika Mamlaka. Kwa ajili ya hilo nchi nyingi za bonde zilitia saini mkataba wa Tume ya Zambezi mjini Kasane, Botswana, mwaka 2004, ukaanza kutumika mwaka 2011, na ofisi yake iko Harare. Tume hukusanya takwimu, hupashana habari na kushauri. Haipangi mgawo wa Kariba, na sikuona dalili kwamba wenye mgawo wanataka ifanye hivyo.

Jumatatu, njiani

Mazabuka, Monze, Choma, Kalomo. Mashamba ya miwa, kisha mahindi, kisha vumbi.

Jumanne, Mosi-oa-Tunya

Tuko mwishoni mwa Aprili, na maporomoko haya, ambayo wengi huyaita Victoria, yako karibu na kilele chake. Ukungu ni mzito kiasi kwamba ukingo wa pili hauonekani, na watalii waliokuja kupiga picha wanalalamika. Mvua iliyoyaleta maji haya ilinyesha wiki nyingi zilizopita kaskazini-magharibi mwa Zambia na mashariki mwa Angola, ikatanda kwenye uwanda wa Barotse ambako Walozi huhamia nyanda za juu mafuriko yanapokuja, na sasa ndiyo inafika hapa. Itaendelea kupandisha ziwa la Kariba hadi Juni au Julai. Mtiririko wa mto huu umekuwa ukipimwa Livingstone tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kipimo hicho ndicho kinachosaidia kuiambia Mamlaka kitakachoingia ghalani. Angalau katika jambo hilo hesabu haifanywi gizani.

Chini ya maporomoko, kiasi cha kilomita 50 hivi, ndipo linapokusudiwa kujengwa bwawa la Batoka, lenye mitambo ya megawati 2,400, litakalogawanywa tena nusu kwa nusu chini ya Mamlaka ileile. Mradi huu umezungumzwa kwa miongo mingi. Korongo ni jembamba, kwa hiyo ziwa lake litakuwa dogo mno likilinganishwa na Kariba na halitaweza kuhifadhi maji ya mwaka mzuri kwa ajili ya mwaka mbaya. Faida yake ni nyingine: maji ya Aprili yangezalisha umeme Batoka kwanza, huku Kariba ikipunguza mitambo na kuyapokea kwa ajili ya Oktoba, na maji yaleyale yakafanya kazi mara mbili. Ili jambo hilo lifanyike, mabwawa mawili yatahitaji kanuni moja ya uendeshaji, na nchi zote mbili zitalazimika kukubali kuiona Kariba imetulia katika miezi ambayo kila siku ziwa linapanda. Mkataba wa kugawana megawati za Batoka umeshakubaliwa kimsingi kuwa wa nusu kwa nusu. Kanuni ya lini Kariba ipumzike ndiyo itakayopaswa kuandikwa kabla ya zege la kwanza kumwagwa.